Maumivu sugu ya kisigino, kiwiko na bega: Fahamu tiba ya mawimbi ya mshtuko kabla ya kulipa

Unaamka alfajiri, unaweka mguu sakafuni, na hatua ya kwanza inakuchoma kisiginoni kana kwamba umekanyaga msumari. Unachechemea hadi mlangoni ukishika ukuta. Baada ya hatua kadhaa maumivu yanapungua, unajiambia yamekwisha, unaenda kazini. Jioni yanarudi. Wiki zinapita, kisha miezi.

Kwa mama mboga anayesimama kibandani tangu asubuhi hadi usiku, kwa kijana wa mjengo anayebeba mawe, kwa mwalimu, kwa mhudumu wa bodaboda au mchuma majani chai, maumivu kama haya si jambo dogo. Siku moja ya kukaa nyumbani ni siku moja bila mapato.

Mtu mwenye shida hii siku hizi hakosi kuambiwa na jirani au kusoma kwenye bango kwamba kuna mashine inayoiondoa. Ni mashine ya mawimbi ya mshtuko, ambayo mtaani wengi huiita shokiwevu. Wapo waliotibiwa nayo wakapata nafuu. Wapo pia waliolipia kikao baada ya kikao wakabaki na maumivu yale yale na deni juu yake.

Makala haya yanaeleza mashine hiyo ni nini, inafanya nini mwilini, utafiti unasema nini kuihusu, nani hapaswi kuitumia, na ni maswali gani uulize kabla ya kutoa pesa. Pia yanaeleza tiba nyingine ambayo utafiti unaiunga mkono na ambayo haikugharimu hata shilingi.

MAUMIVU HAYA YANATOKA WAPI?

Finya sehemu ya nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Utashika kitu kigumu kama kamba. Hiyo ni kano. Kazi ya kano ni kuunganisha msuli na mfupa, ili msuli unapojikunja mfupa usogee. Kano zipo kila mahali mwilini: begani, kiwikoni, gotini, kwenye vidole.

Kano imeundwa kwa nyuzi nyembamba za protini iitwayo kolajeni, zilizopangwa pamoja kama nyuzi za mkonge ndani ya kamba. Ikivutwa kwa kiasi inachozoea, hubaki imara. Ikivutwa kupita kiasi siku baada ya siku bila kupewa muda wa kujijenga, mpangilio wa nyuzi huharibika. Kano hunenepa, hupoteza nguvu na huanza kuuma. Na kwa kuwa kano hupata damu kidogo kuliko msuli, hupona polepole. Maumivu yakizidi miezi 3, wataalamu huyaita sugu.

Sehemu ambazo huathirika sana ni hizi:

Kisigino, upande wa chini. Hapa kinachouma ni utando mgumu wa wayo, unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Dalili yake kuu ni maumivu makali ya hatua za kwanza asubuhi, au unapoinuka baada ya kuketi kwa muda.

Nyuma ya kisigino. Hii ni ile kano uliyoifinya. Huwasumbua sana wanaokimbia, lakini hata asiyefanya mchezo wowote anaweza kuumia hapo.

Kiwiko, upande wa nje. Madaktari huyaita maumivu haya kiwiko cha mchezaji tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Ni maumivu ya mtu anayekamua nguo, anayepiga nyundo, anayechuma chai au anayefunga na kufungua spana kutwa nzima.

Bega. Huuma unapoinua mkono juu ya kichwa, kama vile kupaka rangi dari au kuanika nguo. Kwa baadhi ya watu, chembechembe za kalsiamu hujikusanya ndani ya kano ya bega na kuongeza maumivu.

Watu wengi hukabili maumivu haya kwa njia mbili: kumeza dawa za kutuliza maumivu, au kupumzika kabisa. Dawa huweza kupunguza maumivu kwa muda mfupi, lakini haziirudishii kano nguvu yake. Kupumzika kabisa nako huidhoofisha zaidi, ndiyo maana mtu hupumzika wiki mbili, akirudi kazini maumivu yanaanza upya siku hiyo hiyo.

MASHINE HII ILIANZIA KWENYE MAWE YA FIGO

Mawimbi ya mshtuko hayakuanza kama tiba ya kano. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier nchini Ujerumani walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoweza kuharibu ndege inayokwenda kwa kasi kubwa sana. Tone likigonga bati la ndege kwa kasi hiyo, hutoa wimbi la nguvu linalopenya ndani. Likazuka swali: je, wimbi kama hilo linaweza kupitishwa mwilini na kuvunja jiwe la figo bila mgonjwa kupasuliwa?

Jibu lilipatikana Februari 1980 mjini Munich, ambapo daktari Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo kwa njia hiyo. Tangu hapo tiba hiyo imeenea duniani kote, na wagonjwa wengi wa mawe ya figo wameepuka kisu.

Baadaye madaktari waliona kwamba mawimbi hayo yana athari pia kwenye mifupa. Yakaanza kujaribiwa kwa mifupa iliyokataa kuunga, kisha kwa kano. Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina hii kwa maumivu sugu ya kisigino.

INAFANYA KAZI VIPI?

Jambo la kwanza la kuondoa hofu: mshtuko unaotajwa hapa si wa stima. Hakuna umeme unaopitishwa mwilini. Wimbi la mshtuko ni msukumo wa nguvu, jamaa ya sauti, unaosafiri kupitia ngozi hadi kwenye kano. Ukisimama karibu na ngoma kubwa inapopigwa, mshindo wake unausikia hata kifuani. Mashine hutoa mshindo wa namna hiyo, ila kwa muda mfupi zaidi na mahali padogo.

Mashine zenyewe ni za aina mbili. Aina ya kwanza hukusanya mawimbi yote mahali pamoja ndani ya mwili, kama kioo cha kukuza kinavyokusanya miale ya jua. Hii hufika ndani zaidi. Aina ya pili hutumia hewa iliyobanwa kusukuma kipande kidogo cha chuma kinachogonga kichwa cha mashine, na mshindo wake husambaa kuanzia kwenye ngozi. Nguvu yake hupungua kadiri inavyoingia ndani, hivyo hufaa zaidi sehemu zilizo karibu na ngozi. Aina hii ya pili ndiyo rahisi zaidi kununua na kubeba.

Mawimbi yakishafika, hufanya nini? Watafiti wanaamini kwamba huichochea sehemu iliyoumia ianze tena kujikarabati, ikiwemo kuota mishipa midogo ya damu, na kwamba hupunguza uwezo wa neva za hapo kupeleka ishara za maumivu kwenye ubongo. Kwa bega lenye kalsiamu, mawimbi yanaweza kusaidia kuyeyusha mkusanyiko huo.

KIKAO KINA MAMBO GANI?

Mtaalamu hukupapasa kwanza hadi apate mahali panapouma zaidi. Hupaka jeli, kama ile inayopakwa mama mjamzito anapopigwa picha ya tumbo, kisha huweka kichwa cha mashine juu yake. Utasikia mlio wa kugongagonga kwa kasi. Kwa kawaida hupigwa takriban mapigo 2,000, na shughuli yenyewe huchukua kama dakika 5 hadi 10.

Inauma. Usiambiwe vinginevyo. Mtaalamu mzuri huanza kwa nguvu ndogo na kuongeza polepole, na unaweza kumwambia apunguze. Baadaye ngozi inaweza kuwa nyekundu, kuvimba kidogo au kuvilia damu, na maumivu huweza kuongezeka kwa siku moja au mbili. Hayo hupita yenyewe.

Kwa kawaida hufanywa vikao 3 hadi 5, kimoja kila wiki. Matokeo hayaji siku hiyo hiyo. Yakija, huonekana zaidi baada ya wiki 6 hadi 12. Kwa hivyo mtu anayekuahidi kwamba utatoka kliniki umepona, anakuahidi kitu ambacho tiba hii haifanyi.

JE, INASAIDIA KWELI?

Jibu la haki ni kwamba inasaidia baadhi ya watu, kwa baadhi ya maumivu, na mara nyingi ikiambatana na mazoezi.

Mwaka 2007 watafiti nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 75 wenye maumivu sugu ya kano ya nyuma ya kisigino. Waliwagawanya katika makundi matatu ya watu 25. Kundi la kwanza lilipewa mazoezi ya kuiimarisha kano. La pili lilipigwa mawimbi ya mshtuko. La tatu lilisubiri tu. Baada ya miezi 4, watu 15 wa kundi la mazoezi walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa. Kundi la mashine walikuwa 13. Kundi lililosubiri walikuwa 6.

Tafakari matokeo hayo. Mashine ilishinda kusubiri kwa mbali. Lakini haikuyashinda mazoezi, ambayo mtu anaweza kuyafanya kwenye ngazi ya nyumbani kwake.

Watafiti hao wakauliza swali la pili: je, vyote viwili vikiunganishwa? Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya wagonjwa 68. Waliofanya mazoezi pekee, 19 kati ya 34 walipata nafuu kubwa. Waliofanya mazoezi na kupigwa mawimbi, 28 kati ya 34. Hapo ndipo mashine ilipoonyesha thamani yake: ikiwa msaidizi wa mazoezi.

Kwa kisigino upande wa chini, matokeo ya tafiti yamekuwa yakitofautiana. Mwaka 2009 taasisi ya NICE, inayotoa mwongozo wa matibabu nchini Uingereza, ilieleza kwamba haikuona tatizo kubwa la usalama, lakini ushahidi wa manufaa ulikuwa unakinzana. Kwa bega, mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walichambua majaribio 32 na kuhitimisha kwamba manufaa yake kwa mgonjwa wa kawaida ni machache.

Na maumivu ya misuli yenyewe, kama yale mafundo magumu ya shingoni na mgongoni? Baadhi ya kliniki huyatibu kwa mashine hii, na wapo wanaosema wamefarijika. Hata hivyo, ushahidi wake ni mdogo kuliko ule wa kano. Ukiambiwa kwamba mashine moja inatibu kisigino, mgongo, magoti, kiharusi na uchovu, una sababu ya kuuliza maswali zaidi.

MAZOEZI: DAWA ISIYOUZWA

Mwaka 1998 daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha utafiti mdogo uliobadilisha matibabu ya kano. Waliwachukua wakimbiaji 15 ambao kano zao za nyuma ya kisigino zilikuwa zimekataa kupona, waliokuwa wakisubiri upasuaji. Waliwapa zoezi la kushusha kisigino wakiwa wamesimama kwenye ngazi, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia.

Siri yake ni kwamba kano hujengwa na uzito. Ukiipa uzito kwa kipimo, polepole na kwa utaratibu, hupata ujumbe wa kujiimarisha. Hakuna mashine inayoweza kuipa kano ujumbe huo kwa niaba yako.

Ikiwa umepimwa na mhudumu wa afya akathibitisha kwamba shida yako ni ya kano, haya ni mazoezi unayoweza kumuuliza kama yanakufaa:

Kwa maumivu ya nyuma ya kisigino. Simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu, visigino vikining'inia. Shika ukuta. Inuka kwa miguu yote miwili, hamisha uzito kwenye mguu unaouma, kisha shusha kisigino polepole hadi chini ya ukingo. Rudia mara 15, pumzika, kisha fanya raundi mbili zaidi. Fanya goti likiwa limenyooka, kisha rudia likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12.

Kwa maumivu ya chini ya kisigino. Kunja taulo, iweke kwenye ngazi chini ya vidole ili vielekee juu. Inua kisigino ukihesabu hadi 3, tulia ukihesabu 2, shusha ukihesabu 3. Fanya mara 12, raundi tatu, siku moja baada ya nyingine. Zoezi likiwa rahisi, beba mkoba mgongoni wenye pakiti ya unga ya kilo 2, kisha uongeze pakiti ya pili. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, baada ya miezi 3, waliofanya zoezi la namna hii walikuwa na nafuu kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha wayo tu. Saidia kisigino pia kwa kuvaa viatu au ndara zenye soli nene na laini, hata ndani ya nyumba. Sakafu ya saruji na mguu mtupu havipatani na kisigino kinachouma.

Kwa maumivu ya kiwiko. Ketini, laza mkono mezani, kiganja kikiangalia chini na kifundo kikiwa nje ya meza. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiganja kwa msaada wa mkono mwingine, kisha ukishushe polepole bila msaada. Rudia mara 15, raundi tatu.

Je, ukisikia maumivu wakati wa zoezi uache? Maumivu kidogo yanakubalika. Jipe alama: 0 ni hakuna maumivu, 10 ni maumivu makali kupindukia. Yasizidi 5, na asubuhi inayofuata yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakizidi, punguza uzito au idadi, lakini usiache kabisa.

Ugumu wa tiba hii ni subira. Wiki tatu za kwanza mtu anaweza kuona hakuna kinachobadilika. Wengi huachia hapo, kisha wanasema mazoezi hayasaidii. Kano inahitaji miezi 3.

NANI HAPASWI KUPIGWA MAWIMBI HAYA?

Tiba hii ni salama kwa watu wengi, lakini mwambie mtaalamu mapema ikiwa:

- Wewe ni mjamzito.
- Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una ugonjwa unaofanya damu isigande.
- Una saratani au uvimbe wa aina hiyo mahali panapotakiwa kutibiwa.
- Una maambukizi au kidonda kilichochimba mahali hapo.
- Una damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu.
- Una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo.
- Umedungwa sindano ya steroidi mahali hapo katika wiki za karibuni.
- Mgonjwa ni mtoto au kijana ambaye mifupa yake bado inakua.

Mawimbi hayapaswi kuelekezwa kwenye mapafu, kwa hivyo matibabu ya karibu na kifua yanahitaji uangalifu. Mtaalamu asiyekuuliza lolote kati ya hayo kabla ya kuwasha mashine hajakufanyia kazi yake.

Kuna mambo mengine mawili ya kutaja kwa mhudumu wako. La kwanza ni kisukari. Ugonjwa huu huweza kudhoofisha kano na kupunguza hisia miguuni. La pili ni antibiotiki za kundi la ciprofloxacin na levofloxacin, ambazo zinaweza kudhuru kano, hasa kwa wazee na wanaotumia steroidi, na hata kuifanya ikatike. Ukianza kuumwa nyuma ya kisigino ukiwa unazitumia, rudi kwa aliyekuandikia haraka. Hii ni sababu moja zaidi ya kutonunua antibiotiki dukani bila kuandikiwa.

DALILI ZISIZONGOJA MASHINE

Si kila maumivu ya bega au mguu ni ya kano. Nenda hospitalini bila kukawia ikiwa:

- Ulisikia mlio wa kitu kukatika nyuma ya kisigino, na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo. Kano inaweza kuwa imekatika.
- Msuli wa nyuma ya mguu umevimba, una joto na unauma. Huenda damu imeganda.
- Bega la kushoto linauma pamoja na kifua kubana, jasho jingi au kukosa pumzi. Huenda ni moyo.
- Una homa, au kiungo kimevimba na kuwa chekundu.
- Unapungua uzito bila sababu, au maumivu yanakuamsha kila usiku hata ukiwa umelala tuli.
- Mguu au mkono umekufa ganzi au umepoteza nguvu.
- Una kisukari na una kidonda mguuni, hata kama hakiumi.

Kila wiki inayopotea mtu akipigwa mawimbi kwa ugonjwa ambao si wa kano, ni wiki ambayo ugonjwa wenyewe unaendelea.

KABLA YA KULIPA, ULIZA

Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Haki hiyo haiishii sokoni. Inaingia nawe hadi kliniki. Uliza bila woga:

1. Ugonjwa wangu unaitwaje, na mmeujuaje?
2. Je, nimeshafanya mazoezi ya kutosha kabla ya kufikia mashine? Kama sijafanya, kwa nini tusianzie hapo?
3. Anayenitibu amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Fiziotherapia nchini, au ni daktari mwenye leseni? Naweza kuiona?
4. Mashine yenu ni ya aina gani, na inafaa kano yangu?
5. Vikao vitakuwa vingapi, na jumla ya gharama ni ngapi?
6. Tutapima nafuu kwa njia gani, na tutaacha lini ikiwa hakuna nafuu?
7. Nitapewa mazoezi ya kufanya nyumbani?

Swali la 5 na la 6 ndiyo yanayookoa pesa. Tuseme kikao ni shilingi 3,000. Vikao vitatu ni shilingi 9,000. Ukiongezewa viwili ni 15,000, na bila mpango wa kusimama unaweza kujikuta umefika 30,000 ukingali unachechemea. Kubalianeni mapema. Ikiwa vikao 3 hadi 5 vimekwisha, wiki 12 zimepita na hakuna kilichobadilika, kinachohitajika ni uchunguzi mpya, wala si kikao cha sita.

Jihadhari pia na kifurushi kinacholipwa chote mwanzoni ambacho hakirudishwi, na mashine inayozungushwa sokoni au kwenye mikutano bila mtu kupimwa kwanza.

ANZIA WAPI?

Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mhudumu atakupima na kuondoa shaka ya magonjwa mengine. Ikihitajika atakupa barua ya rufaa hadi hospitali yenye idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji au mtaa wako anaweza kukuelekeza kituo cha kuanzia.

Ikiwa hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, piga *147# kwenye simu yako. Kisha uliza kwenye dawati la SHA hospitalini ni huduma gani kati ya ulizoandikiwa inalipiwa na ni ipi utajilipia. Uliza kabla ya kuanza matibabu.

Ukienda kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, beba viatu unavyovaa kazini, orodha ya dawa unazotumia, na picha zozote ulizopigwa. Mweleze kazi yako jinsi ilivyo: unasimama saa ngapi, unabeba nini, unainua mkono mara ngapi. Mara nyingi marekebisho madogo, kama kuweka kipande cha zulia mahali unaposimama, kubadilisha mkono au kugawanya mzigo mara mbili, huipa kano nafasi ya kupumua huku ukiendelea na kazi.

KWA UFUPI

- Maumivu ya kano hupona polepole. Wengi wenye maumivu ya kisigino hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja.
- Mazoezi ya kuipa kano uzito kwa kipimo, kwa wiki 12, ndiyo msingi wa tiba.
- Mawimbi ya mshtuko yanaweza kusaidia pale ambapo mazoezi pekee hayajatosha, na hufanya kazi vizuri zaidi yakiambatana nayo.
- Hakuna matokeo ya papo hapo. Anayekuahidi hayo, muulize maswali saba yaliyo hapo juu.
- Pimwa kwanza. Lipa baadaye.

Makala haya ni ya kuelimisha wakaazi na hayachukui nafasi ya ushauri wa mhudumu wa afya aliyekupima. Mkate makala haya au uyapige picha, umpe jirani anayechechemea.